Kisanduku cha Mengineyo

Kila asubuhi, kabla madaktari hawajavaa makoti yao meupe, sauti yake ilikuwa imekwisha kuizunguka hospitali nzima. Iliruka juu ya vichwa vya watu waliopanga foleni mbele ya dirisha la mapokezi, ikapita dirisha la dawa, ikakunja kona ya maabara na kufika kwenye benchi la mwisho, ambako waliokuwa wakisinzia walishtuka na kuulizana kama kuna aliyeitwa. Ndiyo maana wagonjwa walimbandika jina la Kipaza. Alilijua na wala halikumuudhi. Alikuwa karani wa mapokezi kwa miaka kumi na tisa, na kwa maoni yake hospitali isiyo na kipaza sauti ilimhitaji mtu wa kuifanyia kazi hiyo.

"Unaumwa nini?" angeuliza, kalamu ikiwa tayari mkononi.

Mtu angeinama karibu na tundu la kioo na kunong'ona.

"Sema kwa sauti, baba! Nisipokusikia nitakupeleka kwa daktari wa meno."

Foleni ingecheka, mtu angekaza roho na kusema, naye angeandika, angegonga muhuri na kumwita anayefuata. Hakuwa na roho mbaya. Aliamini tu kwamba foleni ni kama moto, ukiuachia nafasi kidogo unashika paa. Siku moja mzee mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri alinong'ona mara tatu bila kueleweka, na Kipaza, kwa kutaka kumsaidia, akamalizia mwenyewe: "Mkojo? Kliniki ya mkojo ni Alhamisi, mzee wangu!" Mzee aliichukua kadi yake, akaitazama kana kwamba imeandikwa kwa lugha asiyoijua, akageuka na kutoka langoni. Alhamisi hakuja. Kipaza alimfikiria kidogo, kisha kazi ikamsahaulisha.

Uvimbe aliugundua Jumamosi moja, akioga. Ulikuwa kwenye titi la kushoto, upande wa kwapani, mgumu na mdogo kama harage. Aliubonyeza. Haukuuma. Aliubonyeza tena kwa nguvu zaidi, akiwa karibu kuusihi umuume kidogo, maana miaka yote ile ya kusikia maradhi ya watu ilikuwa imemfundisha kuogopa yale yasiyouma. Bomba likaendelea kumwaga maji mpaka ndoo ikafurika miguuni mwake.

Njia ya kufuata aliijua kuliko mgonjwa yeyote. Angeandikishwa kwenye daftari lake mwenyewe, na mwenzake wa zamu angejaza jina, umri na mahali panapouma. Faili lingebebwa hadi chumba namba nne, kwa daktari ambaye hunywa naye chai kila siku saa nne. Kisha maabara, kwa yule bwana ambaye siri mdomoni mwake ilikuwa kama chai ya moto, lazima aiteme. Kufikia saa saba wapishi wangejua, na kufikia jioni wafagiaji wangekuwa wanamtazama kifuani wakidhani haoni. Aliwajua wenzake kwa sababu na yeye alikuwa mmoja wao. Mara ngapi alikuwa amebeba habari za watu hadi nyumbani, bila kutaja majina, lakini akieleza nguo, mwendo na mtaa, hata majina yenyewe yakawa hayana haja?

Wiki ya kwanza alijiambia ni nyama tu. Wiki ya pili akasema ni umri. Ya tatu akaacha kujigusa, akawa anaoga haraka haraka kama mtu anayeosha chombo cha kuazima.

Nyumbani aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mume alipofariki, watu walitarajia wifi afungashe virago arudi kwao. Badala yake aliihamisha mashine yake ya kufumia masweta kutoka barazani akaileta sebuleni. "Kaka yangu ameondoka, mimi sijafukuzwa," alisema, na mambo yakaishia hapo. Tangu hapo nyumba ilikuwa na mngurumo wa mashine ile mchana kutwa, na mafungu ya masweta ya wanafunzi yalirundikana juu ya makochi mpaka mgeni akakosa pa kukaa.

Wifi ndiye aliyeanza mambo ya daktari wa kwenye simu. Mgongo ulikuwa umemkaba, na jirani mmoja akamwonyesha namna ya kujiandikisha.

"Daktari gani huyo asiyekushika hata mkono?" Kipaza alimcheka. "Kesho mtazikana kwa simu."

"Wewe cheka," wifi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye nyuzi. "Amenisikiliza dakika ishirini. Hapo kwenu nilisikilizwa mara ya mwisho lini?"

"Na amekwambia nini cha maana?"

"Ameniambia nisimame kila baada ya nusu saa ninyooshe mgongo. Na akaniuliza kiti changu kina kimo gani. Kiti, wifi! Nani pale kwenu amewahi kuniuliza habari za kiti?"

Kipaza alicheka tena, lakini tangu siku hiyo aliona kwamba kila baada ya muda mashine hunyamaza, na wifi husimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akijipinda taratibu kama mtu anayejaribu nguo mpya.

Jumapili moja mchana, wiki ya sita, aliingia chumbani, akafunga komeo, akakaa sakafuni upande wa pili wa kitanda. Sebuleni mashine ilikuwa inanguruma, na mngurumo ule ulimpa moyo. Aliwasha simu na kuifungua fomu ya kujiandikisha. Fomu hazikuwahi kumtisha maishani. Hii aliijaza polepole, akifuta na kuandika upya, mpaka akafika kwenye swali la mwisho: *Ni nini kilichokufanya uchague kumwona daktari kwa njia ya mtandao?* Chini yake palikuwa na visanduku vya kuchagua. Umbali. Kukosa muda. Ushauri wa ndugu au rafiki. Foleni ndefu hospitalini.

Aliisoma orodha mara mbili. Hospitali ilikuwa dakika kumi kwa miguu. Foleni asingeipanga, yeye ndiye mwenye foleni. Aliteremka hadi kisanduku cha chini kabisa, kilichoandikwa *Mengineyo*, ambacho kazini alizoea kukipuuza kwa kuwa watu hukijaza upuuzi, na humo akaandika neno moja: *Hamnijui.*

Daktari aliyetokea kwenye kioo cha simu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imemshuka puani, nyuma yake ukuta mtupu. Alijitambulisha, akauliza kama Kipaza yuko mahali anapoweza kuzungumza.

"Ndiyo," Kipaza alinong'ona.

"Basi niambie."

Alifungua mdomo. Sauti ile iliyokuwa ikikunja kona ya maabara haikutoka. Alijikohoza, akajaribu tena, ulimi ukamganda. Alitazamia daktari aseme, "Sikusikii, mama." Badala yake daktari aliisukuma miwani yake juu, akaegemea kiti.

"Chukua muda wako," alisema. "Hakuna mtu nyuma yako."

Maneno yale yalimpiga mahali asipopategemea. Machozi yakamtoka kabla hajajua kama analia. Daktari akangoja. Hakumwambia anyamaze wala hakujifanya kushughulika na jambo jingine. Alipotulia, Kipaza alisema yote kwa mkupuo mmoja, na alipomaliza alishangaa jinsi maneno yenyewe yalivyokuwa machache baada ya kuyabeba wiki sita.

Daktari aliuliza maswali, moja baada ya jingine. Uliuona lini? Unasogea ukiubonyeza? Ngozi ya juu imebadilika? Kuna majimaji yoyote yanayotoka? Kuna mama, dada au shangazi aliyewahi kuugua hivyo? Kipaza alijibu kila moja.

"Sasa nitakwambia ukweli," daktari alisema. "Nikikwambia huu ni uvimbe wa kawaida, nitakuwa nakudanganya. Na nikikwambia ni saratani, pia nitakuwa nakudanganya. Kwa simu sina mikono. Unatakiwa upimwe na mtu atakayekugusa, upigwe picha ya titi, na pengine utolewe kinyama kidogo kwa sindano."

"Kumbe ni yale yale," Kipaza akasema, na hasira zikampa sauti. "Sasa wewe kazi yako ni nini?"

"Kazi yangu leo ni kuhakikisha unafika kwa huyo mwenye mikono. Unaweza kwenda hospitali iliyo karibu nawe?"

"Hapana. Hiyo hapana."

Daktari hakumuuliza kwa nini. Alikitazama kitu pembeni ya kioo, labda ile fomu, akaitikia kwa kichwa. "Basi tutafute nyingine."

Alimwandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya mji wa pili, mwendo wa saa mbili kwa basi. Kipaza alibaki sakafuni, barua inang'aa kwenye simu. Kama daktari yule angemwambia atakunywa vidonge aponee chumbani mwake, angefurahi, lakini asingemwamini.

Jumatano aliomba ruhusa kazini, akamwambia wifi anakwenda kwenye semina, akapanda basi. Hospitali ile ilikuwa kubwa kuliko yao, kuta zake zimepakwa rangi mpya. Lakini dirisha lilikuwa dirisha tu. Kioo kilikuwa na tundu la duara kama lake, na nyuma yake aliketi karani kijana mwenye mkono mwepesi na muhuri uliokuwa ukigonga kwa mahadhi. Kipaza, aliyeijua kazi, alimtazama na kusema moyoni kwamba binti huyu anaiweza.

"Karibu, mama. Shida ni nini?"

Aliinama kwenye tundu. "Nimeandikiwa…"

"Sikusikii, mama!"

"Nimeandikiwa kuja kupimwa…"

"Kupimwa nini? Ongeza sauti, watu wanangoja!"

Nyuma yake mtu alivuta pumzi ndefu ya kuchoka, na mwingine akacheka, pengine kwa jambo lake mwenyewe. Kipaza alisikia shingo ikiwaka moto. Angeweza kuionyesha barua kwenye simu. Wazo hilo lilimjia baadaye, akiwa kituo cha basi. Pale dirishani alichoweza kusema ni, "Samahani, nimekosea hospitali," akageuka na kupita katikati ya watu, macho chini.

Basi lilichelewa. Alikaa kwenye benchi la saruji, mkoba mapajani, na yule mzee wa shati la pasi akamjia akilini. Alimwona waziwazi, vifungo vyake vimefungwa mpaka shingoni. Hakuwahi kujiuliza alikwenda wapi baada ya lango. Alijiuliza sasa, na hakupata pa kuliweka swali hilo.

Kesho yake kazini, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinama dirishani na kunong'ona. Kipaza alifungua mdomo aseme maneno yake ya kila siku, yakamkataa. Alichana kipande cha karatasi, akakipitisha kwenye tundu pamoja na kalamu. "Niandikie," alisema. Mwanamke alimtazama kwa mashaka, akaandika, akakirudisha kikiwa kimekunjwa mara nne. Siku ile foleni ilifika hadi nje ya mlango, mpaka msimamizi wa hospitali akaja kuuliza kulikoni.

"Nina mafua," Kipaza alisema. "Sauti imekwenda."

"Pole sana. Ikirudi, na sisi turudi kwenye kasi yetu."

Jumapili iliyofuata, mchana, ujumbe wa daktari uliingia: *Ulifika hospitali?* Kipaza alijibu kwamba alifika. Ujumbe wa pili ukaja: *Walikupima nini?* Aliandika, akafuta, akaandika, akafuta. Kisha akajifungia chumbani na kupiga.

"Sikupimwa," alisema mara uso wa daktari ulipotokea. "Nilifika dirishani tu."

Daktari hakumgombeza. "Wengi wanaishia hapo," alisema. "Kuna mtu anayeweza kwenda pamoja na wewe?"

"Sijamwambia mtu."

"Hata mmoja?"

"Nimekwambia wewe, daktari. Titi langu lina uvimbe na nimekwambia wewe peke yako. Haitoshi?"

Alikuwa amepaza sauti bila kujua. Ndipo alipogundua kwamba mashine sebuleni ilikuwa kimya. Ilikuwa imefika ile nusu saa ya kunyoosha mgongo.

Mlango ukagongwa, mara moja, kwa kiganja. "Wifi. Fungua."

"Mfungulie," daktari alisema kwa upole. "Mimi nitakuaga. Nitakutafuta kesho."

Wifi aliingia na uzi wa sweta ukiwa umemganda begani. Hakukaa kitandani. Alijishusha sakafuni kwa taabu, huku mgongo ukimlalamikia, mpaka wakawa wameketi bega kwa bega, wakiutazama ukuta.

"Kumbe semina ilikuwa hiyo," alisema.

Kipaza aliilaza simu kifudifudi sakafuni.

"Mimi nimekueleza mgongo wangu. Nimekueleza tumbo langu. Nimekueleza mpaka ile bawasiri ambayo niliapa sitaitaja tena duniani. Na wewe unakwenda kumwambia mtu wa kwenye simu?"

"Yeye hanijui, wifi."

"Na mimi ninayekujua?"

"Wewe ndiye ninayekuogopa." Sauti yake ilikatika. "Yeye akijua, naizima simu, inakuwa kama halipo. Wewe ukijua, litakuwepo. Litakaa na sisi mezani."

Wifi aliuondoa ule uzi begani, akaanza kuuviringisha kidoleni. "Kaka yangu naye alinificha," alisema hatimaye. "Nilijua siku ya kumpeleka hospitali, na ilikuwa siku ya mwisho. Miaka sita najiuliza kama alidhani sitaweza kulibeba." Alimgeukia. "Mimi ni mpana hivi, wifi. Lilete tu mezani."

Walicheka wote wawili kicheko kibaya chenye kamasi, na kabla hakijaisha walikuwa wameshikana.

Siku iliyofuata walipanda basi pamoja. Mbele ya dirisha lile lile, mbele ya binti yule yule, wifi alijipanga nyuma ya Kipaza akiwa amepanua viwiko, akaifunika foleni yote kwa mgongo wake mpana kama mlango uliofungwa. Kipaza aliiweka simu kwenye kioo, barua ikiwa wazi. Karani aliisoma. Mkono wake mwepesi ulisita, na aliponyanyua macho alisema kwa sauti ya chini, "Chumba cha kumi na moja, mama. Nitakupeleka mwenyewe."

Majibu yalichukua siku kumi na mbili. Daktari wa upasuaji alilitamka neno lenyewe bila kulizungukazunguka, kisha akasema lile la pili ambalo wifi alimwomba alirudie, ili lisikike vizuri: wamewahi. Titi lilifanyiwa upasuaji. Baada ya hapo zikafuata dawa za kudungwa, kila wiki tatu, ambazo zilimwacha akiwa hana ladha mdomoni, mifupa ikimuuma kama ya mtu aliyepigwa. Nywele ziliondoka. Wifi alimfumia kofia kwa sufu iliyobaki kwenye masweta ya wanafunzi, ya kijani yenye mstari wa njano, akaapa kwamba inampendeza. "Unafanana na kiranja," alisema.

Kazini walijua, kama alivyojua watajua. Bwana wa maabara alimjia siku moja na mfuko wa machungwa, akasimama mbele yake bila neno hata moja kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumwona akinyamaza. Kulikuwa na waliomtazama kifuani, ndiyo. Kulikuwa pia na mwenzake wa zamu, aliyeendelea kupitisha vikaratasi kwenye tundu la kioo bila kuagizwa na mtu, na msimamizi akaacha kuuliza habari za kasi.

Daktari wa kwenye simu aliendelea kumpigia baada ya kila dozi. Hakuwa na la kutibu tena, wenye mikono walikuwa wamelichukua jukumu hilo, lakini aliuliza kama amekula, kama vidole vina ganzi, kama analala. Kipaza alimzoea hata akawa anamjua kwa mambo madogo, namna anavyosukuma miwani akiwa anafikiri na anavyokatisha sentensi akiitwa kutoka nje ya chumba.

Baada ya dozi ya mwisho walizungumza kwa mara ya mwisho kwenye ratiba. Ilikuwa mchana, jua limejaa chumbani. Daktari alikuwa ameivua miwani, na bila hiyo macho yake yalionekana yamechoka, na shavu moja limebonyea kuliko jingine. Alimsomea majibu mazuri. Akampa pongezi. Akataja tarehe ya kurudi kupimwa.

"Una swali lolote kabla hatujaagana?"

"Ninalo moja," Kipaza alisema, akiinuka kukusanya nguo alizokuwa akizikunja kitandani. "Wewe ukiumwa, daktari, unamwambia nani?"

Daktari alicheka. Kicheko kilianza vizuri, kisha kikapungua kikabaki tabasamu, na tabasamu nalo halikudumu. Alitazama pembeni. Alisimama, akatoka kwenye kioo, na Kipaza akabaki anatazama kiti kitupu na ukuta mweupe. Alisikia mlango ukifungwa taratibu. Daktari akarudi, akakaa, akakivuta kiti karibu zaidi.

"Una haraka?" aliuliza.

"Sina," Kipaza alisema. Akaziweka nguo chini, akakaa tena.